Kupaka Bati Rangi Nyeupe: Chokaa Siyo, Rangi ya Mafuta Siyo

Nyumba ya bati Dar es Salaam au Mombasa ikigeuka tanuri saa nane mchana, sehemu kubwa ya joto hilo imeshuka kutoka juu. Bati jipya linang'aa, ndiyo maana watu hudhani linafukuza jua. Mwanga mwingi linaurudisha kweli, ila zinki tupu iliyolifunika ni mchoyo wa kutoa joto: kile kidogo ilichonyonya hukikalia, na bati linaweza kupita nyuzi 60. Likishika kutu, balaa zaidi. Rangi nyeupe hurudisha jua na pia huachia joto liende zake angani.

Chokaa, kwa kuwa ni ya bei nafuu, ndiyo wengi hukimbilia. Ikiwa mbichi hula zinki, na kwenye bati laini haishiki. Masika moja tu imekwenda na maji. Iwekee paa la zege. Huko nako usitie chumvi kama inavyotiwa kwenye chokaa ya kuta za udongo, maana chumvi hula nondo. Loweka chokaa usiku kucha, chuja, iwe nyepesi kama maziwa. Lowesha zege, paka jioni, mikono mitatu, yaani mara tatu. Ikikaushwa na jua hubaki unga unaotoka kiganjani, kwa sababu haikupata muda wa kuvuta kaboni dioksaidi hewani na kugeuka jiwe. Vaa miwani, chokaa jichoni si mzaha.

Rangi ya mafuta juu ya zinki hudanganya kwa miezi kadhaa. Mafuta yake na zinki hutengeneza kitu kama sabuni chini ya rangi, kisha inabanduka vipande vipande. Kinachofaa ni praima, yaani rangi ya kutangulia, ya maji ya mabati ya zinki, halafu akriliki nyeupe ya nje mikono miwili.

Kwanza sugua kutu kwa brashi ya waya, osha kwa sabuni, suuza sana. Bati jipya lina mafuta ya kiwandani yasiyoonekana, nayo ndiyo huangusha kazi nyingi. Paa la mita za mraba 60 lina migongo, ongeza asilimia 15: ni 69. Mikono miwili ni 138, na lita moja hufunika kama 9, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inatosha na kubaki. Paka asubuhi umande ukishakauka, kabla bati halijawaka. Kwenye bati la moto rangi hukauka kabla ya kushika. Kanyaga kwenye mstari wa misumari, juu ya papi, zile mbao zinazobeba bati, usije ukalikunja bati.

Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba, masika yakiisha. Anayevuna maji ya mvua ahakikishe rangi haina madini ya risasi, na amwage maji ya mvua za mwanzo. Vumbi na ukungu hupunguza weupe, hivyo osha paa kabla kaskazi haijaanza kuvuma Desemba.

Njombe na Makete, kwenye baridi ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, acheni bati lenu lilivyo. Julai mtalihitaji hilo joto.