Namba 18.2 haioni kila kitu: maji ya maabara hapa Mombasa

Mashine ya maji safi ikionyesha 18.2, wengi hujaza chupa na kwenda zao. Hiyo ni ukinzani wa umeme, megaohmu-sentimita 18.2 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, na inakwambia jambo moja tu: ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zimekaribia kwisha. Bakteria haiwaoni, mabaki ya plastiki haiyaoni, na silika nayo hupita bila kugunduliwa kwa sababu haipitishi umeme wa kutosha. Hapa kwetu maji huharibika zaidi kabla ya kuingia mashineni na baada ya kutoka, mahali ambapo hakuna namba ya kutazama.

Tangi la juu ya paa halina tabia moja. Leo lina maji ya mfereji, ambayo chanzo chake huenda ni Mzima, Marere, Tiwi au Baricho. Mfereji ukikauka, linajazwa na boza, yaani lori la maji, au kisima cha uani, na visima vya kisiwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Vingi vina chumvi na chokaa. Kwa hiyo chota kikombe kila tangi linapojazwa, upime upitishaji umeme. Chukua utando wa RO (osmosisi kinyume: maji husukumwa kwa shinikizo yapenye, chumvi ibaki nyuma) unaozuia asilimia 97 ya chumvi: ukipewa maji ya mikrosimensi 400 kwa sentimita utatoa takriban 12, ukipewa ya 2,000 utatoa 60. Resini inayofuata, yaani punje zinazonasa ioni zilizobaki, inabeba mzigo mara tano, na kartriji (kopo lenye resini hiyo) iliyozoea kukaa miezi kumi inakwisha kwa miwili. Muuzaji hulaumiwa bure, kumbe ni kisima.

Mbele ya RO weka kichujio cha mikroni 5 cha kunasa mchanga na tope, kilainishi cha maji ili chokaa isigande kwenye utando, na kichujio cha mkaa. Mkaa usiufanyie ubahili. Klorini hula utando wa poliamidi, na utando ukishaliwa hautengenezeki. Pima maji yaliyotoka kwenye mkaa kwa kidonge cha DPD, ambacho hutambua klorini; yakigeuka waridi, mkaa umechoka. Pima hasa siku ya boza, maana klorini ya boza mara nyingi hutiwa kwa kukisia.

Joto nalo lina mambo yake. Maji yaliyochomwa na jua hupita kwenye utando kwa wingi zaidi, lakini chumvi nayo hupita zaidi. Tangi dogo la kati, lile linalohifadhi maji ya RO, huota utelezi wa bakteria upesi likiwa na joto. Likinge na mwanga, lisafishe kwa ratiba, wala usingoje harufu. Na kabla hujatupa kartriji, hakikisha mita yako inasahihisha joto: maji safi kabisa kwenye nyuzi 30, yasiposahihishwa, husoma takriban 14.1. Hayo si maji mabaya.

Yakishatoka, saa inaanza kuhesabu. Maji haya hunyonya kaboni dioksidi ya hewani, ukinzani ukashuka kutoka 18.2 hadi karibu 1 na pH ikaelekea 5.6. Kuyapima pH kwa elektrodi ya kawaida ni kupoteza muda. Ioni ni chache mno, mshale utatangatanga tu. Teka unachohitaji kwa kazi ya sasa hivi. Mashine ikilala usiku, mwaga lita moja au mbili za kwanza. Maji yateremke ubavuni mwa chombo bila kurusha mapovu, na usivalishe mdomo wa bomba kipande cha mpira: mpira hutoa kemikali zake na kufuga bakteria, kisha kwenye HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, unaona vilele vya grafu visivyo na mwenyewe.

Wanaopima virutubisho vya maji ya bahari, tuseme sampuli za mkondo wa Tudor au Mtwapa, ndio wa kujihadhari zaidi. Chupa ya kioo huachia silika na sodiamu, tumia polipropilini. Resini ikianza kuchoka, silika na boroni hutangulia kutoka huku kioo cha mashine kikiendelea kuonyesha 18.2. Kinachokuamsha ni sampuli tupu, yaani maji yako yenyewe yakipimwa kama sampuli: andika ufyonzaji wake wa mwanga kila siku ya kazi, na ukiona unapanda wiki hadi wiki, badilisha kartriji. Kwa amonia, mlaumu kwanza aliyepiga deki kwa sabuni yenye amonia asubuhi hiyo.

Kazi za RNA (molekuli inayobeba maagizo ya jeni) zinahitaji kichujio cha mwisho cha ultrafiltresheni, chenye matundu madogo zaidi, kwa kuwa vimeng'enya vya RNasi, vinavyokatakata RNA, hupenya kichujio cha mikroni 0.22, na hata otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) ya nyuzi 121 haiaminiki kuvimaliza.

Halafu kuna israfu. Kuoshea vyombo maji ya 18.2 toka mwanzo hadi mwisho ni kuchoma resini; osha kwa mfereji, suuza kwa maji ya RO, na haya ya thamani yawe ya suuzo la mwisho tu. Beseni la joto, lile la kupashia sampuli, halihitaji zaidi ya maji ya RO, na yakikosekana, hata maji ya betri ya kituo cha petroli yanatosha. Yale yanayotemwa na RO, ambayo kwenye mashine ndogo mara nyingi huzidi yanayopatikana, yaelekeze kwenye pipa la kupigia deki na kumwagia choo. Bustanini usiyapeleke kama tangi lilijazwa kwa kisima cha chumvi.