Kilemba cha Bibi na makosa yangu mengine ya kamera

"Mjukuu wangu, kilemba changu umekipeleka wapi?"

Ndivyo alivyoniuliza bibi nilipomwonyesha picha nilizotoka kusafisha kwa ajili ya albamu yangu ya kwanza ya kumbukumbu. Zilikuwa picha 36, na katika 11 kati ya hizo bibi alikuwa ameishia kwenye paji la uso. Kwenye simu alikuwa mzima, kilemba chake cha bluu kimekaa sawasawa. Kwenye karatasi kimefyekwa. Nilirudi kwa aliyenisafishia nikiwa nimefura, nikamtolea maneno ambayo hadi leo nayaonea haya, maana kosa lilikuwa langu.

Simu nyingi hupiga picha yenye uwiano wa 4 kwa 3. Karatasi iliyozoeleka ya sentimita 10 kwa 15 ina uwiano wa 3 kwa 2, ni nyembamba zaidi. Picha ya kulala ikijazwa kwenye karatasi hiyo, sehemu moja kati ya tisa za kimo chake lazima itupwe, na mashine haijui kilemba ni nini. Ukipiga ya kusimama, wanaoumia ni wa pembeni: bega la huyu, sikio la yule. Dawa yake ni mbili. Ama uingie kwenye mipangilio ya kamera ya simu uchague 3 kwa 2 kama ipo, ama urudi nyuma hatua moja na kuacha hewa juu ya vichwa na chini ya miguu. Mimi narudi nyuma. Nimezoea kiasi kwamba hata nikipiga picha isiyokusudiwa kusafishwa, miguu yangu inajisogeza yenyewe.

Naandika haya kwa sababu kila ninayemwonyesha albamu zangu, wengine wanaziita skrapubuku, ananiuliza swali lilelile: ninunue kamera gani? Nami humjibu kwanza afute kioo cha lenzi ya simu yake. Sifanyi mzaha. Simu inashinda mfukoni na mkononi, lenzi inapakwa mafuta ya vidole, halafu picha zinatoka na ukungu mweupe kila penye taa, tunasema simu imechoka. Futa kwa kitambaa laini cha miwani, upige tena, ndipo tuzungumze habari ya kununua.

Maana hesabu yenyewe haitishi. Ili picha itoke safi kwenye karatasi, kipimo kinachotumika sana ni nukta 300 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 1200 kwa 1800 hivi, ambazo ni kama megapikseli 2 (milioni 2) tu. Simu ya megapikseli 12 inakupa pikseli 4000 kwa 3000, unaweza kuisafisha hadi ikaukaribia ukurasa mzima wa albamu ile kubwa ya mraba ya inchi 12. Kinachotuharibia ni mambo mawili. La kwanza ni kuvuta picha kwa vidole viwili kabla ya kupiga. Ukivuta mara mbili bila simu kuwa na lenzi maalumu ya kukuzia, umebaki na robo ya pikseli zako: zile 12 zimekuwa 3. Tembea, usivute. La pili ni kutumiana picha kwa programu za ujumbe, ambazo huibana picha ili isafiri upesi. Shangazi akikutumia picha nzuri, mwombe aitume upya kama faili. Atanung'unika, lakini ataituma.

Nilipokuja kununua kamera, nilinunua iliyotumika, na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55. Ni lenzi inayodharauliwa sana, ila kwa kazi ya albamu inatosha kabisa: kwenye 18 unapata chumba kizima, kwenye 55 unapata uso. Baadaye nikasikia sifa za lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8, nikaitafuta, nikaipata. Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa zaidi la yote, na hili sijaona watu wakilisema.

Tundu la lenzi linapimwa kwa namba zilizogeuzwa: namba ndogo, tundu kubwa. Kwenye f/1.8 mwanga unamiminika, na kinachoonekana vizuri ni kipande chembamba tu; mbele yake na nyuma yake kunayeyuka. Nililewa. Nikampiga bibi akiwa kwenye cherehani yake, f/1.8, jicho lake linang'aa hata unaona dirisha ndani yake. Picha ilisifiwa na kila mtu. Miezi kadhaa baadaye nikaketi kutengeneza ukurasa wa "Bibi fundi", nikaitazama vizuri. Mikono yake ilikuwa ukungu. Cherehani ilikuwa doa jeusi. Kitambaa alichokuwa anashona, nguo ya mwanangu ya shule, hakikuwepo kabisa. Nilikuwa na picha nzuri ya mwanamke mzee, sikuwa na picha ya bibi akishona.

Tangu siku hiyo nina msimamo wangu. Mandhari inayoyeyuka ni nzuri kwa picha ya kutundika. Kwa albamu, nyuma ya mtu ndiko iliko hadithi: pazia, redio, kalenda ukutani, viatu vilivyorundikwa mlangoni. Fungua albamu yoyote ya zamani uone watu wanapoweka kidole. Wanaupita uso, wanauliza, "Kile kiti si ndicho kilichokuwa kwa babu?" Kwa hiyo siku hizi naacha kamera kwenye f/5.6 au f/8 mwanga ukiruhusu, na lile tundu kubwa nalitunza kwa ajili ya kipenzi changu kimoja, vidole vya watoto wachanga.

Kamera ikikushinda kwa vitufe vyake, geuza kile kigurudumu cha juu kwenye herufi A, au Av kwa baadhi ya kampuni. Wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi, yaani muda inaoacha mwanga uingie. Unaweza kuishi hapo mwaka mzima bila aibu.

Kasi nayo nilifunzwa na jino. Jino la mbele la mwanangu lilikuwa limelegea wiki nzima, siku lilipong'oka alikuja mbio kuninyooshea kiganja. Nikapiga picha sita. Zote sita zimetikisika, kwa sababu chumba kilikuwa na giza na kamera ilikuwa imejichagulia kasi ya sehemu 1 ya 30 ya sekunde. Mtoto hakai kimya muda huo. Mtu aliyetulia, kwa lenzi ya 50, namkubalia 1/100. Mtoto anayeongea na mikono, 1/250. Anayekimbia, 1/500 na zaidi. Ili upate kasi hiyo ndani ya nyumba utalazimika kupandisha ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, hadi 1600 au hata 3200, na kamera itakuletea chenga. Ziache. Chenga unazoziona kwenye skrini ukikuza picha karibu hazionekani kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15. Picha iliyotikisika inaonekana hata ukiwa mlangoni. Kwenye simu nyingi huna vitufe hivyo, basi msogeze mtoto penye mwanga, piga mfululizo, kisha uchague moja na kufuta nyingine siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo, nasisitiza. Nina picha 40 za mbwa yuleyule akipiga mwayo.

Penye mwanga ni wapi? Dirishani. Mkalishe mtu ubavu wake ukielekea dirisha, zima taa ya chumba, maana mwanga wa balbu nyingi ni wa manjano na wa dirisha ni wa bluubluu, vikichanganyika uso unakuwa na rangi mbili kama umepakwa. Upande wa pili wa uso ukiwa na giza mno, weka karatasi nyeupe ya manila irudishe mwanga. Mtengeneza albamu hakosi manila. Flashi iliyo juu ya kamera naizima karibu siku zote: inapauza paji la uso, inaweka kivuli kikali ukutani, na mita chache mbele nguvu yake imekwisha. Nje, jua la saa sita linachimba macho ya watu. Waweke kivulini, ukingoni, watazame kule kulikoangaza.

Hapa kuna jambo la kutuhusu sisi wenye ngozi nyeusi. Kamera inapopima mwanga inajaribu kuileta picha nzima kwenye kijivu cha wastani. Mtu mweusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, au akivaa shati jeupe kali, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza, na uso unazama. Sura haina kosa, ni hesabu ya kamera tu. Kwenye simu nyingi gusa uso kwenye skrini, kisha telezesha kidole juu hadi uso uonekane ulivyo. Kwenye kamera tafuta kitufe chenye alama ya jumlisha na toa, uongeze hadi +1. Ukuta ukiungua kidogo kwa weupe, hapo ndipo nitakapoandika kichwa cha ukurasa.

Na hilo la pa kuandika ni ujuzi kamili. Anayepiga picha ya simu anajaza fremu, anayepiga picha ya albamu anaacha uwanja. Nikifika mahali napiga kwanza kwa mbali, watu wadogo, ukuta au anga kubwa. Hiyo itabeba maneno. Kisha ya katikati, watu na wanachofanya. Kisha nasogea hadi karibu sana: funguo mkononi, kifungo kilichokatika, soli ya kiatu. Albamu yangu ya kwanza ilikuwa na nyuso 36 kutoka umbali uleule, zote zinacheka, na ukizipanga kwenye ukurasa zilifanana na ubao wa wagombea.

Vitu vya karatasi navyo vinapigwa. Tiketi na risiti nyingi huchapwa kwenye karatasi inayochorwa kwa joto, na maandishi yake hufifia. Nilibandika tiketi ya basi ya safari ya kwanza na mwanangu, na nilipoifungua albamu baadaye nilikuta kikaratasi kitupu, cheupe, kimepambwa na nyota pembeni. Sasa napiga picha kwanza, nasafisha, nabandika nakala. Weka karatasi mezani karibu na dirisha, simu iwe juu yake sambamba kabisa, uiinue kidogo zaidi ya unavyodhani kisha ukate kingo baadaye, la sivyo mistari inapinda. Zima taa ya juu, ndiyo inayoleta mng'ao na kivuli cha mkono wako. Barua za bibi nilizipiga zote mchana mmoja kwa njia hiyo, hata ile yenye doa la wino ambayo hakutaka niisome.

Vifaa vingine sina mengi. Betri ya pili ni muhimu kuliko lenzi ya pili. Memori kadi mbili za ukubwa wa kati ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu kadi hupotea. Kabla ya kuifuta kadi, hakikisha picha ziko mahali pawili, na pamojawapo pasiwe nyumba uliyomo. Na weka saa ya kamera! Yangu ilikuwa imerudi nyuma miaka kadhaa betri ilipotolewa, sikuangalia, picha za miezi miwili zikajiandika kabla mtoto hajazaliwa. Nilizipanga upya kwa kuhesabu mapengo ya meno yake.

Kifaa cha mwisho ni stendi ya miguu mitatu, ambayo sikuwa nayo na sikuiona kuwa na maana mpaka nilipomaliza albamu ya pili. Bibi aliipekua kurasa zote, akarudi mwanzo, akapekua tena. "Wewe ulikuwa wapi?" Kweli, sikuwepo. Mtu aliyepiga kila kitu hakuonekana popote, labda kivuli chake kwenye nyasi ukurasa wa tisa.

Sikungoja stendi. Nilipanga vitabu juu ya kiti, nikaiweka kamera, nikaisogeza nyuma hatua moja ingawa yenyewe tayari ni ya 3 kwa 2 (mazoea), f/8, nikaweka kipima muda cha sekunde 10, nikakimbia. Sekunde 10 si nyingi ukiwa umevaa kandambili. Katika picha bibi amekaa kwenye cherehani, mikono inaonekana, kitambaa kinaonekana, mwanangu ameziba pengo la jino kwa ulimi, wote wanacheka. Mimi niko nusu nimekaa, nusu nimesimama, kandambili moja imebaki nyuma katikati ya chumba. Nilitaka kurudia. Bibi alikataa, akasema hiyo ndiyo ibandikwe.

Kandambili ile, kwa kuwa ilikuwa f/8, imetoka safi kabisa.