Plasmidi moja, balaa mbili
Wazazi wa Kisumu na Siaya, bakteria wa Salmonella wasio wa taifodi huingia damuni mwa watoto, hasa wenye malaria au utapiamlo. Aina ya ST313 hubeba plasmidi, duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu, yaani DNA kuu ya bakteria. Ndani ya duara hilohilo mna jeni za spv, zinazozidisha ukali wa ugonjwa, na mara nyingi jeni za kuhimili antibiotiki za ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli. Kwa hiyo kumeza dawa moja tu kati ya hizo huwapa nafasi bakteria wanaohimili zote tatu, pamoja na ukali wao. Hili linaniumiza sana. Mtoto akilazwa kwa homa kali, ombeni damu itolewe ya kuotesha maabarani kabla ya antibiotiki; kidonge cha dukani kikitangulia, bakteria huenda wasiote. Akiwa mahututi, matibabu yasingoje majibu.