Jupiter-8 kwenye Sony: mbali kote ukungu, nilivyoimaliza

Wenye lenzi za zamani za renjifainda (kamera zenye kidirisha cha kupimia umbali), ikiwagomea fokasi msiilaumu lenzi, pimeni adapta kwanza, ile ringi inayounganisha lenzi na kamera. Mie nna Jupiter-8 ya Kisovieti, 50mm f/2, nyuzi za M39 (skrubu ya upana wa 39mm), nikaivisha Sony yangu kwa adapta. Nikikaa hapa Lamu bandarini, kikombe cha kahawa nikikisogelea kama shubiri moja kinatoka safi, hata mapovu ya pembeni yahesabika, lakini zaidi ya hapo ni ukungu mtupu, jahazi kule ng'ambo ya Manda ndo husemi, zungusha ringi mpaka mwisho wapi.

Muuzaji aliniambia M39 ni M39 tu. Si kweli bana! Nyuzi zafanana lakini ile ya Zenit, kamera ya Kisovieti yenye kioo ndani, yataka karibu 45.2mm toka lenzi mpaka filamu, ya renjifainda 28.8mm, na Sony yenyewe toka mdomoni mpaka sensa ina 18mm, kwa hivyo adapta yangu ilitakiwa iwe na unene wa 28.8 toa 18, yaani 10.8mm. Nikaazima vernia, kipimo cha unene, kwa fundi wa mashine za boti, nikapima, 27 na kitu! Hiyo ya Zenit kabisa.

Nikaagiza iloandikwa LTM, yaani ya nyuzi za Leica za renjifainda, ikaja, nikaifunga, na kwa menyu nikaruhusu kamera ipige bila lenzi maana haina waya wa kuitambua, fokasi piking, ile inayotia rangi sehemu zilizo kwenye fokasi, nikaweka nyekundu. Sasa mlingoti wa jahazi nauona mpaka kamba zake. Kwa f/2, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, pembe za picha ni laini kidogo, mie napenda hivyo, asopenda afunge mpaka f/5.6.