Siku moja maishani mwangu: kupaka rangi ramani za dola za kale mjini Antwerp

Saa 1:30 asubuhi

Tramu ya kutoka Borgerhout imejaa wanafunzi na mafundi, na nje bado giza. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Hapa Ubelgiji nafanya kazi kwenye karakana ndogo inayotengeneza nakala za ramani za karne ya 16, hasa zile zinazoonyesha dola zilizokuwa zimekwisha kufa hata wakati huo: Roma ya makaisari, Misri ya mafarao, nchi alizopita Aleksanda Mkuu. Watu hununua wakatundika sebuleni, ofisini, hotelini. Wengi wanaziona pambo la ukutani tu, na sina ugomvi nao, ila mimi ninayezipaka rangi kutwa nzima nimezipenda kwa sababu nyingine.

Saa 2:00

Karatasi kwanza. Tunatumia ya pamba, nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, na usiku kucha ilikuwa imetandazwa nje ya pakiti ili izoee hewa ya chumba. Isipozoea hujikunja pembeni ikiingia kwenye printa.

Leo zinachapwa mbili, zote za Abraham Ortelius, mtoto wa mji huu aliyezaliwa mwaka 1527. Mwaka 1570 alitoa *Theatrum Orbis Terrarum*, kitabu kinachohesabiwa kuwa atlasi ya kwanza ya kisasa, chenye kurasa 53 za ramani. Humo alikusanya kazi za wachoraji wengine, akazipunguza ukubwa na kuwataja majina. Kumbe hamu yake ilikuwa kwingine. Mwaka 1579 aliongeza kiambatisho alichokiita *Parergon*, kikianza na ramani tatu tu za ulimwengu wa kale, na hizo alizitafiti mwenyewe: alisoma waandishi wa kale Strabo, Plinio na Ptolemaio, akachunguza sarafu za kale alizokuwa akikusanya, ndipo akachora. Kiambatisho kikaendelea kukua hadi kifo chake mwaka 1598. Kauli mbiu yake ilikuwa kwamba jiografia ni jicho la historia.

Ya kwanza kutoka printani ni *Romani Imperii Imago*, yaani sura ya Dola ya Kirumi. Kila nikiitazama nakumbuka mwaka 1576, wakati askari wa Hispania waliocheleweshewa mishahara walipouvamia mji huu, wakaua maelfu ya watu na kuchoma jumba la mji. Ortelius alikuwa na cheo cha mwanajiografia wa Mfalme Philip wa Pili, mfalme yuleyule wa askari hao. Miaka mitatu baadaye akatoa ramani ya dola nyingine kubwa iliyokwisha kuanguka. Sidai kujua alichokuwa anawaza, lakini ramani hii siwezi kuiita pambo tupu.

Saa 3:15

Kwenye skrini. Faili la ramani ya pili lina madoa ya maji na alama za vidole vya wasomaji wa miaka mingi, na hapa ndipo mimi na mwenzangu hubishana. Yeye angesafisha kila kitu. Mimi naondoa doa linaloziba jina la mahali, lakini mkunjo wa katikati nauacha, kwa kuwa ukurasa huu ulikuwa ndani ya kitabu na mkunjo ndio unaosema hivyo. Leo tumekubaliana haraka.

Saa 4:30

Sasa kazi yenyewe. Naweka kando mazungumzo na simu, nachanganya rangi za maji na gundi ya mgunga, naanza na mipaka.

Ramani hizi zilichongwa kwenye bamba la shaba, kinyumenyume, zikachapwa kwa wino mweusi peke yake. Rangi ilitiwa kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine, kwa mnunuzi aliyeweza kuilipia. Ortelius mwenyewe aliingia katika kazi ya ramani kwa mlango huu: mwaka 1547 aliandikishwa katika chama cha mafundi cha Mtakatifu Luka akiwa mpaka rangi wa ramani, na dada zake walifanya naye kazi hiyo. Mwanamke mwingine wa hapa, Mynken Liefrinck, alipaka rangi vitabu na ramani kwa ajili ya mchapaji Christophe Plantin. Jina la Ortelius linajulikana na kila mpenzi wa ramani. La Mynken nililikuta baada ya kuishi hapa muda mrefu, na tangu hapo nalitaja kwa kila mteja anayeniuliza nani alitia rangi.

Mkono una kanuni zake. Mpaka wa jimbo hupakwa mstari mzito upande wa ndani, kisha brashi yenye maji huuvuta ufifie kuelekea katikati. Milima hupakwa upande wa kivuli. Bahari naiacha, maana mchongaji ameshaijaza vitone, na ukiiongezea buluu nzito unavifuta. Fremu za nakshi zinazozunguka jina la ramani ndizo zinazobeba nyekundu na manjano kwa wingi.

Kijani ndiyo rangi yenye historia ngumu. Mafundi wa zamani walitumia ile iliyotokana na kutu ya shaba. Inang'aa sana ikiwa mpya, lakini ikizeeka hula karatasi, inageuka kahawia, na mstari wa mpaka hupasuka mahali hapohapo. Mimi natumia kijani cha kisasa kisichodhuru, nikikiegemeza kidogo upande wa buluu ili kifanane na kile cha kwanza kabla hakijaharibika.

Saa 7:00 mchana

Mkate, jibini, kahawa. Natembea hadi Vrijdagmarkt, ilipo nyumba ya Plantin ambayo sasa ni jumba la makumbusho na iko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2005. Ndani mna mitambo miwili ya kuchapia, ya tangu karibu mwaka 1600, mikongwe kuliko yote iliyosalia duniani. Leo siingii, muda hautoshi.

Saa 8:00

Simu kutoka Maskati. Ni mama wa makamo aliyezaliwa Unguja. Ndiye aliyeagiza ramani ya pili, *Erythraei sive Rubri Maris Periplus* ya mwaka 1597, inayoonyesha bahari yetu kama walivyoielewa mabaharia wa karne ya kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, Unguja iko wapi humo?"

Nikamweleza kwamba jina hilo halimo. Ortelius alifuata maelezo ya safari yaliyoandikwa na mfanyabiashara Mgiriki wa Misri asiyejulikana jina, ingawa yeye, kama wenzake wa wakati huo, aliamini mwandishi ni Arriano, mwanahistoria wa kale. Maelezo hayo yanataja kisiwa cha Menuthias, ambacho wataalamu wamekifananisha na Pemba, Unguja au Mafia, kisha Rhapta, soko la mwisho la pwani yetu, mahali pa pembe za ndovu na magamba ya kasa. Mashua za huko zilishonwa kwa kamba, kama mitepe ya Lamu. Yanasema pia kwamba manahodha Waarabu walioa pwani na kuijua lugha ya wenyeji.

Akacheka kwa furaha. "Basi hao ndio babu zetu! Niandikie Zanzibar hapo baharini, kwa herufi nzuri kama zao."

Nikamwomba radhi. Nikiandika jina hilo, mjukuu wake ataamini Ortelius ndiye aliyeliandika. Badala yake nitamtilia karatasi ya maelezo kwa Kiswahili, ibandikwe nyuma ya fremu.

Akanyamaza kidogo. "Haya, lakini mambo ya manahodha uyaandike yote."

Saa 9:30

Barua pepe ya mwenye mgahawa: anataka Dola ya Kirumi iliyozeeshwa kwa maji ya chai na kuunguzwa kingo. Hatufanyi hivyo. Karatasi za Ortelius nilizoziona hazikuungua kingo, na nyingi bado nyeupe kuliko watu wanavyodhani. Nimemtumia picha mbili, iliyopakwa rangi na isiyopakwa, achague.

Saa 10:45 jioni

Mhuri wa neno "nakala" na mwaka wa kuchapwa unagongwa nyuma ya kila karatasi, kwa wino usiofutika. Pia tunachapa kwa ukubwa unaotofautiana na wa asili. Anayetaka kukagua ya kwake nyumbani achukue lenzi: mstari wa bamba la shaba ni mweusi mfululizo, wa printa ni vitone. Kurasa za atlasi huwa pia na maandishi upande wa nyuma.

Ya Maskati inaingia kwenye bomba la kadibodi pamoja na kurasa mbili za maelezo, manahodha wakiwa aya ya kwanza. Chini nimeongeza ushauri kwa fundi wa fremu: kadi isiyo na asidi, kioo kinachozuia miale ya jua, na ukuta usioelekea dirisha.