Kondo la nyuma lilipokaa chini: nilivyoipita miezi ile

Swali lililonituliza lilikuwa fupi: kutoka ukingo wa kondo la nyuma hadi mlango wa kizazi ni milimita ngapi? Kabla ya kuliuliza nilikuwa na karatasi ya altrasaundi ya wiki ya 13 iliyosema kondo limekaa chini, basi, na usingizi ukanipaa.

Mkunga alinijibu kwamba mapema hivyo kipimo hicho hakina uzito mkubwa. Sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inakuwa haijatanuka. Chora alama karibu na mdomo wa puto kisha ulipulize: alama itasogea mbali na mdomo bila kubanduka. Kondo halitembei, ukuta uliolishika ndio unaokua. Kwa wanaoambiwa hivyo hata wiki ya 20, takriban tisa kati ya kumi huwa limeshapanda kabla ya kujifungua.

Wiki ya 20 ndipo hesabu inapoanza. Ukingo ukiwa chini ya milimita 20 kutoka tundu la ndani la mlango wa kizazi, bila kulifunika, kondo liko chini. Likiendelea kulifunika hadi mwisho wa ujauzito, mtoto hutolewa kwa upasuaji. Langu lilikuwa milimita 14. Nikaambiwa nirudi wiki ya 32.

Kungoja ndiko kuliko na kazi, maana kila mtu ana dawa yake. Shangazi alitaka nilale miguu juu ya mito. Nililala hivyo miguu ilipovimba, lakini si kwa ajili ya kondo. Kulala hakulipandishi, kama vile kubeba ndoo hakukulishusha. Lilianzia pale mimba ilipojipandikiza. Daktari alichotaka kujua ni kama nimewahi kupasuliwa, kwa sababu kondo likikaa chini juu ya kovu la zamani linaweza kuzama ndani ya ukuta wa mfuko, na hapo uangalizi huwa mwingine kabisa. Sikuwa na kovu.

Nyumbani tuliweka jambo moja wazi: damu ikitoka, hata kidogo, hata bila maumivu, ni hospitali saa hiyohiyo. Mume wangu alikuwa na namba ya dereva, na kundi langu la damu liliandikwa kwenye kadi. Yeyote aliyetaka kunipima ukeni kwa vidole nilimwambia kwanza kondo liko wapi, kwa kuwa kupima hivyo kunaweza kuanzisha damu. Habari ya tendo la ndoa tuliuliza bila kuzungukazunguka (afadhali aibu ya dakika moja): sikuwa natoka damu, kwa hiyo hatukukatazwa. Wanaotoka damu huambiwa waache.

Wiki ya 32 walipima kwa kupitia ukeni. Nilisita, nikaelezwa kwamba kifaa hakiingii ndani ya mlango wa kizazi, ni salama, na huona vizuri kuliko kupima juu ya tumbo, hasa kondo likiwa upande wa mgongo ambako kichwa cha mtoto hulificha. Milimita 34. Lingebaki chini ya 20, ningepimwa tena wiki ya 36 ndipo ipangwe njia ya kujifungua. Haikuhitajika, nilijifungua kwa njia ya kawaida, na kondo likatoka lenyewe baada ya mtoto.