Mkanda wa jeshi, usikie kwa jirani

Mama yangu ana miaka 72. Mkanda wa jeshi umemtoka mgongoni ukazunguka hadi chini ya titi, upande mmoja tu. Khanga ikimgusa analia. Malengelenge yamekauka, lakini maumivu yapo pale pale, usiku halali.

Kilichoniuma zaidi ni maneno ya watu. Wapo walionong'ona kwamba "ameathirika", wengine amerogwa. Jamani! Kirusi ni kile kile cha tetekuwanga. Ukishaugua hakikutoki, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, na kinga ikishuka kinaamka. VVU hushusha kinga, kweli, lakini hata uzee peke yake unatosha.

Na chanjo yake ipo! Inaitwa Shingrix, kwa wenye miaka 50 na kuendelea, sindano mbili zikipishana miezi 2 hadi 6. Uingereza wazee wanapewa bure wakifikisha 65. Sisi tukisikia chanjo tunawaza vichanga tu.

Wenye wazazi wa umri huo, mkiwapeleka kliniki ya presha au sukari, muulizeni daktari habari za chanjo hii, na ya nimonia pia.